Milango Minne ya Mheshimiwa Fisi

Mnataka hadithi? Basi kaeni vizuri, na mwenye kupiga miayo atoke nje mapema, maana hii ni hadithi ya serikali, na serikali haipendi kupigiwa miayo.

Mwaka huo jua liliiwakia Nyika Kuu mpaka mijusi wakawa wanatembea kwa ncha za vidole. Mito ilikauka. Visima vya zamani vikabaki mashimo ya vumbi. Tembo, aliyezoea kuoga mara mbili kwa siku, alinuka mpaka nzi wakamhama. Lakini msidhani ukame ndio uliokuwa shida kubwa. Shida kubwa ilikuwa sheria.

Sheria yenyewe ilisema hivi: asichimbe yeyote shimo linalopita goti bila kibali cha Mfalme Simba, na atakayechimba bila kibali ataliwa. Kibali kilikuwa kitu kimoja tu, yaani unyayo wa Simba uliogandamizwa kwenye donge la udongo mbichi. Na chanzo chake? Zamani kidogo Simba alikuwa akimkimbiza swala mbele ya wake zake, akatumbukia kwenye shimo la ngiri, miguu juu, mkia kinywani. Wake zake walicheka mpaka wakalala chini. Kesho yake sheria ikatangazwa. Haikukataza kucheka, maana hilo lisingetekelezeka.

Sasa hebu nisaidieni. Udongo mbichi unapatikana kwa nini? Kwa maji. Na anayeomba kibali cha kuchimba kisima anatafuta nini? Ahaa! Ninyi mmeelewa upesi. Wakubwa wa Mwambani, alikokaa Simba, walikuwa bado hawajaelewa.

Bi Ngiri alikuwa ameelewa zamani sana. Yeye alikaa kata ya Makorongoni, mwendo wa siku tatu kutoka Mwambani, pamoja na wanawe wanne. Alikuwa mama wa maneno machache na hasira nyingi, mkaidi kama ukoo wake wote. Pua yake ilimwambia kwamba chini ya mchanga wa korongo kubwa la hapo kwao, kina cha ngiri mmoja hivi, maji yapo. Kila siku alikanyaga juu ya maji hayo huku wanawe wakilamba mawe. Roho ilimuuma jamani. Lakini kuliwa na Simba si kama kukaripiwa. Ukishaliwa umeliwa, hakuna kusema sitarudia.

Akaenda Mwambani mara ya kwanza na donge lake la udongo. Likakauka njiani. Simba alipolikanyaga likapasuka vipande, naye Bi Ngiri akaambiwa arudi na donge la maana.

Akaenda mara ya pili, safari hii na kibuyu cha maji, ya mwisho aliyokuwa nayo nyumbani, ili aloweshe udongo hapo hapo. Mlangoni alikuwepo Fisi, katibu wa Simba, tumbo mbele.

"Nini hicho?" akauliza Fisi.

"Maji ya kulowesha udongo, Mheshimiwa."

"Hayaingii kwa Mtukufu bila kukaguliwa."

Akayakagua mpaka tone la mwisho. Akajipangusa mdomo. "Ni safi," akasema. "Unaweza kuendelea."

Mara ya tatu Bi Ngiri hakubeba kitu. Alisimama tu mlangoni akapiga kelele.

Siku hiyo ndani kulikuwa na mgeni, Mbayuwayu, yule ndege asiye na kwao anayefuata mvua nchi hadi nchi, na umbea wa kila nchi anao.

"Huko nilikotoka," alisema Mbayuwayu, "wafalme wanasifiwa sana kwa ugatuzi."

"Ndiye mdudu gani huyo?" akauliza Simba.

"Mfalme anachukua madaraka yake anayateremsha huko chini. Kila kata inajiamulia mambo yake."

Simba akakunja uso. "Halafu mfalme anabaki na nini?"

"Anabaki na sifa, Mtukufu."

Simba akakunjua uso. Akasema utumwe msafara ukajifunze namna wengine wanavyojitawala. Fisi akajitolea kuuongoza kabla sentensi haijaisha, maana alisikia kwamba msafara huandaliwa chakula. Sungura akateuliwa karani, kwa sababu nyika nzima ndiye peke yake aliyejua kuandika na kusema uongo kwa wakati mmoja.

"Muongezeni na mwananchi mmoja wa kawaida," akashauri Mbayuwayu. "Bila mwananchi hainogi."

"Nani huyo anapiga kelele nje?" akauliza Simba.

"Mwananchi wa kawaida, Mtukufu," akajibu Fisi.

"Basi huyo huyo."

Hivyo ndivyo Bi Ngiri alivyopata cheo. Simba mwenyewe alimwahidi: msafara ukirudi na ripoti nzuri, Makorongoni itakuwa kata ya kwanza kupewa madaraka yake. Bi Ngiri akarudi kuwaacha wanawe kwa dada yake. Kitindamimba alikuwa ameshaanza kuwa na macho ya ndani, yale yanayomfanya mama asitake kuangalia mara mbili.

"Vumilieni," akawaambia. "Mama anarudi na kibali."

Wakaondoka. Fisi alitangulia bila mzigo, Sungura akafuata na majani yake makavu ya mgomba ya kuandikia, na nyuma kabisa Bi Ngiri, aliyekabidhiwa kubeba mifupa ya akiba ya Mheshimiwa. Uwakilishi huo.

Nchi ya kwanza ilikuwa ya Nyuki. Mzee mmoja wa mzingani aliwapokea vizuri na kuwaeleza bila kuzunguka: "Mzinga wetu ukijaa hatusukumani. Kundi linahama na kujitawala huko linakokwenda. Ila kila anayehama hujaza kwanza tumbo lake asali ya hapa."

"Kwa nini muwape asali?" Bi Ngiri akauliza. "Si mmeshawapa madaraka?"

Nyuki akamtazama kwa huruma. "Mama, madaraka hayalambwi."

Sungura akayaandika maneno hayo vizuri kwenye jani. Wakati huo Fisi alikuwa ameshachomeka pua ndani ya mzinga, kukagua. Nyuki wakamkagua na wao. Lahaula! Alitoka na uso uliovimba kama boga, sega zima mdomoni, akajitupa huku na huku, na asali ikamwagika juu ya jani la Sungura. Fisi kuona asali imemwagika, maumivu yakamtoka. Akailamba. Na jani likaenda.

"Mheshimiwa! Umekula ripoti!" akapiga ukelele Sungura.

"Nimeihifadhi," akajibu Fisi.

Nchi ya pili ilikuwa ya Mchwa. Fisi, kwa uchovu, akaegemea kichuguu cha watu na kukitoboa. Kabla hajaomba radhi, na wala hakuwa na nia hiyo, mchwa walishatoka mamia wakaanza kuziba.

Bi Ngiri akainama. "Nani amewapa kibali?"

"Kibali cha nini?" akauliza mchwa mmoja bila kuacha kazi. "Ukuta umetoboka. Sisi ndio tuko hapa."

"Na malkia wenu? Anajua?"

"Malkia yupo chini huko, mnene, hawezi hata kupita mlango wake mwenyewe. Tumpelekee habari za kila tundu? Yeye atakosa usingizi, sisi tutakosa nyumba."

Bi Ngiri aliona wivu mpaka machozi yakamlenga. Vidudu visivyozidi punje ya mchele, na vinaziba kwao bila kuulizwa! Fisi yeye aliona nchi ya hovyo, haina hata chakula cha wageni, akaamuru waondoke.

Nchi ya tatu ndiyo iliyompata Fisi. Nyani walikuwa wamegatua mpaka basi. Msitu wao ulikuwa na miti arobaini, na kila mti ulikuwa serikali kamili. Kulikuwa na Mkuu wa Mti, naibu wake, naibu wa naibu, msemaji, na mshauri wa msemaji. Ukitaka kuruka kutoka mti huu kwenda ule, unasimama kwanza kwenye tawi la mpakani ujieleze. Wenyewe waliona fahari. Chini ya miti, matunda yalioza mpaka mtu akateleza.

Bi Ngiri akamkuta mama nyani ameketi na mtoto mwembamba mgongoni.

"Dada, matunda haya yote, mbona mtoto ana njaa?"

"Tunangoja azimio."

"Azimio la nini?"

"La kuchuma. Wakubwa wetu wamekwenda kikaoni mti wa jirani, kuzungumzia mpaka wa kivuli."

"Na haya yaliyoanguka?"

Mama nyani akashusha sauti. "Hayo ni ya wageni."

Na mgeni alikuwepo. Fisi aliandaliwa karamu kila mti, maana kila mti ulitaka kuonekana serikali. Miti arobaini, karamu arobaini. Wiki nzima walikaa hapo, Bi Ngiri akihesabu siku kwa uchungu, akiliona lile jicho la kitindamimba kila anapofumba lake. Siku ya kuondoka Fisi alikuwa haendi, anabiringika.

"Nilidanganywa," alimwambia Sungura, mate yakimtoka. "Nilidhani madaraka yakigawanywa yanapungua. Kumbe yanazaana!"

Walipofika Mwambani, Fisi akasimama mbele ya Simba na kusoma ripoti. Ya Nyuki haikuwepo, ilikuwa imehifadhiwa. Ya Mchwa ilikuwa mstari mmoja: nchi ya vumbi, haifai. Ya Nyani ilisomwa tangu asubuhi mpaka jua la utosi. Bi Ngiri aliponyoosha mguu ili aseme neno, Fisi akamshukuru kwa niaba ya wote.

"Mwananchi ametuwakilisha vizuri sana," akasema, "hasa kwa ukimya wake."

Mpango mpya ukapita. Kila kata ilipewa kazi zake: itengeneze njia zake, imlishe ofisa wake, ipokee wageni wake na kuwaimbia. Chemchemi ya mwisho ya nyika nzima, waliyokunywa wakubwa wa Mwambani tu, ikabaki Mwambani. Na kibali cha kuchimba, je? Nacho kikasogezwa karibu na wananchi. Zamani mlango ulikuwa mmoja tu, tena mbali. Sasa ikawa minne. Mlango wa kata alipewa mpwa wa Fisi. Wa tarafa, shemeji yake. Wa wilaya, mkwewe. Na mlango wa nne alikaa Mheshimiwa Fisi mwenyewe, Mkuu wa Ugatuzi, ambaye tangu sasa unyayo wake ungetosha badala ya ule wa Simba, ili Mtukufu asisumbuliwe.

"Hilo la kutosumbuliwa limenipendeza," akasema Simba, akalala.

Bi Ngiri akarudi kwao mbio. Kitindamimba hakuinuka kumpokea. Alitikisa mkia tu, mara moja, kisha akaulaza. Dada mtu akageuza uso. Bi Ngiri hakukaa hata chini, akateremka korongoni moja kwa moja. Pale pale penye maji chini yake, kwenye ubaridi wa mchanga, alimkuta Fisi wa Kata amejinyoosha.

"Hii ndiyo ofisi," akasema Fisi wa Kata bila kuinua kichwa. "Una shida gani?"

"Nataka kuchimba hapo ulipolala. Mwanangu anakufa."

"Pole sana. Kibali kinaanzia kwangu, kinakwenda tarafani, wilayani, halafu kwa Mheshimiwa. Lakini ili nilipokee ombi nahitaji mbuzi."

"Mbuzi wa nini?"

"Wa kupokelea."

Bi Ngiri hakuwa na mbuzi. Ngiri atamtoa wapi mbuzi? Akabaki amesimama hapo na hasira yake, hajui afanye nini nayo. Akichimba, ataliwa, na wanawe watabaki na nani? Asipochimba, watabaki wangapi?

Sungura akamkuta katika hali hiyo. Alikuja kutangaza kwamba keshokutwa Simba angefika Makorongoni kuzindua ugatuzi, maana ndiyo kata ya kwanza, na ahadi ni deni. Sungura mwenyewe midomo ilikuwa imempasuka kwa kiu, na utani ulikuwa umemwisha.

"Mama Ngiri, usilie."

"Nani analia? We masikio, nitakung'ata."

"Ng'ata baadaye. Keshokutwa mimi ndiye mshereheshaji. Nitamuuliza Fisi maswali matamu, na Fisi akiulizwa nani mkubwa hapa, hawezi kujizuia, atajibu. Mwache ajibu. Wewe kaa karibu na huo mchanga, basi."

"Halafu?"

"Halafu Mtukufu atakuwa na kiu."

Siku ikafika. Simba alitembea siku tatu juani, kwa sababu Fisi alimwambia mfalme anayezindua habebwi, huonekana. Akafika ulimi nje, manyoya yamejaa vumbi, wake zake nyuma wakiwa wamenuna. Kata nzima ilikuwa imejipanga korongoni. Nyimbo zikaimbwa, za koo kavu. Fisi na jamaa zake watatu walikaa mbele, wameshiba.

Sungura akapanda juu ya jiwe. "Mtukufu, maji ya kunywa yatakuja sasa hivi. Lakini kwanza, wananchi wanataka kumjua aliyewaletea neema hii. Mheshimiwa Fisi, simama watu wakuone! Ni nani mwenye amri juu ya korongo hili?"

"Ni mimi!" akasema Fisi.

"Na mchanga wake?"

"Mimi!"

"Na kinachopatikana chini ya mchanga?"

"Juu mimi, chini mimi!"

"Na kibali cha kuchimba kisima, ni cha Mtukufu au chako?"

Fisi akababaika kidogo. Akamtazama Simba, akatazama umati ulivyomkodolea macho, na tamaa ikamshinda. "Changu! Unyayo wangu unatosha. Mtukufu hasumbuliwi tena!"

Watu wakashangilia. Sungura ndiye aliyeanza kupiga makofi.

"Vizuri," akasema Simba kwa sauti iliyokauka. "Nimefurahi. Sasa leta maji."

Fisi akawatazama jamaa zake.

"Fisi. Maji."

"Mtukufu... kisima bado. Ombi lipo wilayani."

Simba akamgeukia Fisi wa Wilaya. "Haya."

"Mimi, Mtukufu, nalisubiri kutoka tarafani."

"Tarafa!"

"Kata haijanifikishia, Mtukufu. Mimi ningelikataaje?"

Simba akasimama mbele ya Fisi wa Kata, ambaye sasa alitamani kuwa mchanga. "Na wewe?"

"Nilikuwa nangoja mbuzi, Mtukufu."

"Mbuzi wa nini?"

"Wa kupokelea."

Simba akanguruma, ila ngurumo ikakwama kooni kwa ukavu, ikatoka kama mlango mbovu. "Leteni udongo! Kibali nitakitoa mwenyewe, sasa hivi!"

Likaletwa donge. Simba akalikanyaga kwa unyayo wa kifalme. Likawa unga. Likaletwa la pili, kubwa zaidi. Akalikanyaga kwa nguvu zote, akaumia, nalo likawa unga. Nyuma, mmoja wa wake zake akakohoa kile kikohozi cha kuficha kicheko.

"Liloweshwe!" akafoka Simba.

"Kwa maji gani, Mtukufu?" akauliza Sungura kwa adabu nyingi.

Nyika nzima ilikuwa inamtazama mfalme na vumbi lake. Kwa mara ya kwanza tangu atunge sheria ile, alikuwa akiifikiria.

Na hapo ndipo Bi Ngiri alipopiga magoti.

Mnajua ngiri anavyochimba? Hapigi kwato akiwa amesimama kama wengine. Hupiga magoti ya mbele, akashusha pua, mkia juu, na kazi ikaanza. Simba hakulijua hilo, maana maisha yake yote alikuwa amewaona ngiri kwa nyuma tu, wakikimbia. Alichokiona yeye ni mama mmoja amemwangukia. Kiburi chake kikaridhika.

"Inatosha," akasema. "Inuka, mama. Nimepokea heshima yako."

Bi Ngiri hakuinuka. Mchanga ukaruka ukamwingia Fisi wa Tarafa machoni.

"Nimesema inatosha. Heshima gani hii ya kumwagia watu mchanga?"

Bi Ngiri akazama mpaka mabegani. Fisi ndiye aliyeshtuka wa kwanza. "Mtukufu, huyo hakusujudii! Anachimba! Limeshapita goti! Sheria inasema aliwe!"

Simba akaruka. Akatua ukingoni mwa shimo, makucha nje. Bi Ngiri akatoa kichwa, pua imelowa. Nasema imelowa! Nyuma yake kulikuwa na weusi wa mchanga uliokunywa, na katikati ya weusi huo kitu kilikuwa kinang'aa na kupanda polepole. Sitawaficha. Aliogopa. Lakini sauti haikutetemeka.

"Mtukufu, ukitaka kunila nile. Ila wanangu wanywe kwanza."

Dada yake hakungoja jibu. Akawateremsha wale wanne, kitindamimba akiburutwa kwa sikio, wakapita chini ya tumbo la Simba kana kwamba ni mlango wa nyumba yao, na wakanywa. Kitindamimba alilala na mdomo ndani ya maji, hanywi. Bi Ngiri aliacha kupumua. Kisha yule mdogo akapiga chafya, akameza, akameza tena, na mkia ukainuka.

Simba alisimama pale, kiu mbele, sheria nyuma. Mfalme mwenye kiburi humwachi hivyo, atakula mtu kwa aibu tu. Sungura akasogea karibu na sikio lake.

"Mtukufu, sheria inataka unyayo wako kwenye udongo mbichi. Udongo mbichi ule pale. Teremsha mguu tu, kibali kitakuwa kimetoka."

Simba akateremsha mguu kwenye tope. Ukaacha alama nzuri ajabu. Wananchi wakapiga vigelegele, na Simba akainamisha kichwa akanywa, akanywa, akanywa, mpaka wake zake wakamsukuma na wao wapate.

Alipoinuka, alikuwa mfalme tena. "Kuanzia leo," akasema, "kila kata itachimba kwake inapojua kuna maji. Sitaki kuletewa madonge. Lakini Fisi..."

Mheshimiwa alikuwa tayari amepiga magoti kisimani, ulimi nje. Mchanga ulikuwa umemkausha koo.

"Fisi atakunywa hapa kama kila mtu," akasema Simba, "ila kwa kibali. Na kibali kipitie milango yake yote minne."

"Mtukufu!" akalia Fisi. "Mlango wa nne ni wangu mwenyewe!"

"Basi ukifika huko, jiombe vizuri."

Fisi akamgeukia mpwa wake, Fisi wa Kata, akamkumbusha ni nani aliyempa ofisi. Mpwa akajinyoosha mchangani.

"Mjomba, shikamoo. Ombi lako nalipokea kwa mikono miwili," akasema. "Umekuja na mbuzi?"

Bi Ngiri alicheka. Alicheka mpaka akakaa chini, na sijui ni lini mara ya mwisho alikuwa amecheka. Fisi akaondoka korongoni akitafuta mbuzi, na tangu hapo amekuwa akizurura nyikani akilia ile sauti yake ambayo watu husema ni kicheko. Si kicheko ile.

Simba, ambaye sasa alikuwa ameshiba maji na anataka kusifiwa, akamwita Bi Ngiri mbele ya wote. "Wewe ndiye fundi. Nakuteua Mkuu wa Visima vya Nyika Kuu nzima. Utakaa Mwambani, kivulini, na wanao. Hakuna kata itakayochimba popote bila wewe kuwaonyesha mahali."

Siyo siri, moyo ulimdunda. Kivuli! Mwambani! Mlango ule ule aliopigia kelele, na yeye sasa ndani. Watu walishaanza kumtazama kwa namna nyingine, na Pundamilia akajipenyeza mbele, kichwa chini kwa unyenyekevu.

"Bi Mkubwa," akasema Pundamilia, "na sisi wa kule Magadini tuchimbe wapi?"

Bi Ngiri akajikohoza. Akanyoosha shingo. Akafungua mdomo kumjibu, na jibu lilikuwa tayari, zuri, la uhakika. Mara akaufunga. Hakuwahi kukanyaga Magadini maisha yake yote.

Akajionea haya. Kisha akamgeukia Simba.

"Mtukufu, cheo hiki kimenitia wazimu kabla sijakikalia. Nilitaka kumwelekeza mtu kwao. Wa Magadini waende wakachimbe Magadini, wanajua wenyewe wapi pana chumvi na wapi hapana. Mimi niache na korongo langu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake."